Kitabu cha kusoma kabla ya kuripoti chuoni: je, ni lazima nikimalize?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani, na ninatakiwa kuripoti mwishoni mwa Agosti. Juzi nimepokea kitabu pamoja na barua inayosema wanafunzi wote wapya tunakisoma likizo hii ya kiangazi, kisha tutakijadili wiki ya kwanza. Barua haitaji mtihani wala alama. Kiingereza nakisoma taratibu. Nimefika sura ya nne, na sura hiyo imenikera kwa sababu inakwenda kinyume na nilivyolelewa. Je, ni lazima nikimalize? Nikisoma muhtasari mtandaoni haitoshi? Na nikisema mbele za watu kwamba sikukipenda, nitaonekanaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nafasi hiyo. Nimeongoza mijadala ya namna hii kwa miaka mingi: wanafunzi kumi na wawili au kumi na watano chumba kimoja, saa moja na nusu, kila mmoja na nakala yake. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyezoea kukaa kwenye meza hiyo unayoiendea.

Nianze na neno lako "lazima". Katika vyuo vingi vya Marekani hakuna atakayekukagua. Hakuna mtihani, hakuna anayeita majina na kuuliza nani amefika ukurasa wa mwisho. Lakini isome tena barua yako polepole. Vyuo vingine hutaka uandike insha fupi na kuituma kabla ya kufika. Vingine huingiza kitabu hicho kwenye semina ya mwaka wa kwanza, na hapo kinakuwa na alama kupitia mlango wa nyuma: mhadhiri anakupa kazi ya kwanza ya kuandika, na kazi hiyo inahusu kitabu ulichodhani ni cha hiari. Kama barua haijaeleza, iandikie ofisi inayoshughulikia wanafunzi wapya barua pepe ya mistari miwili. Waulize kama kitatumika darasani na kama kuna kitu cha kuandika. Wamezoea kuulizwa, na hawatakuona mzembe.

Hata kama hakina alama, nakusihi ukimalize. Sababu yangu inatokana na jambo ulilolitaja kama udhaifu wako: kwamba unasoma taratibu, na kwamba Kiingereza si lugha yako ya kwanza.

Fikiria wiki ile ya kwanza itakavyokuwa. Utakaa chumba kimoja na watu waliokulia nchi ile. Watataja vipindi vya televisheni ambavyo hujaviona, watacheka utani unaohitaji kuelezwa, watajua namna ya kumwita mhadhiri na namna ya kumkatiza. Katika karibu kila kitu wao watakuwa wenyeji na wewe mgeni. Kitabu hicho ni mahali pamoja ambapo uenyeji hausaidii sana. Ukurasa wa 112 ni ukurasa wa 112 kwa wote. Aliyekulia mtaa wa pili kutoka chuoni na akakipitia kitabu usiku mmoja ndani ya ndege hana lolote la kukuzidi wewe uliyekaa nacho wiki tano. Mara nyingi nimeona mgeni ndiye aliyekisoma kweli.

Mtindo wenyewe wa kuwapa wanafunzi wapya wote kitabu kimoja una historia fupi ambayo inafaa uijue, ili barua ile isikutishe. Vyuo vichache vilikuwa na desturi hiyo tangu zamani, ila ilishamiri kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 maktaba ya umma ya Seattle iliwaalika wakazi wa jiji zima wasome riwaya moja kwa pamoja, na miji mingine ikaiga. Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kilianza na wanafunzi wake wapya mwaka 1999, Cornell mwaka 2001. Princeton kilianza mwaka 2013, na huko rais wa chuo ndiye anayechagua kitabu. Kwingine kazi hiyo hufanywa na kamati ya wahadhiri, wakutubi na maofisa wa wanafunzi.

Nimewahi kukaa kwenye kamati kama hiyo, na sifa tulizokuwa tukizitafuta zinafanana kila mahali. Kitabu kisiwe kirefu mno. Kipatikane kwa jalada laini, maana zinanunuliwa nakala maelfu. Kiguse watu wa masomo mbalimbali, anayetaka uuguzi na anayetaka sheria. Na mwandishi awe hai, aweze kuja chuoni kuzungumza na wanafunzi. Ndiyo maana vitabu hivi kwa kawaida ni vipya, na vingi ni masimulizi ya kweli kuhusu maisha ya mtu au tatizo fulani la jamii. Kuna chama cha wasomi, National Association of Scholars, ambacho kuanzia mwaka 2010 kilitoa ripoti kadhaa za kulalamikia jambo hilo: kwamba vitabu ni vipya mno na vyepesi mno, na vya kale vimesahauliwa. Nusu ya lalamiko lao naliunga mkono. Ningefurahi kuona vijana wa miaka kumi na minane wakipewa kitabu cha karne nyingi zilizopita na kuachwa wapambane nacho. Lakini nimekaa pia ukumbini mwandishi alipoulizwa na mwanafunzi mwenye wiki tatu tu chuoni, kwa sauti inayotetemeka, kwa nini alimwacha mama yake nje ya kitabu. Mwandishi akanyamaza muda mrefu kabla ya kujibu. Mwanafunzi yule alijifunza dakika ile kwamba kitabu ni kazi ya mtu, na mtu anaweza kuulizwa.

Sasa nije kwenye sura yako ya nne.

Kwanza, usidhani uko peke yako. Mwaka 2002 Chapel Hill walichagua kitabu cha Michael Sells chenye tafsiri ya sura za Kurani zilizoteremshwa mwanzo pamoja na maelezo yake. Mashambulizi ya Septemba 11 hayakuwa yametimiza hata mwaka. Kikundi kimoja cha Kikristo na baadhi ya wanafunzi walikwenda mahakamani kutaka zoezi lisimamishwe. Mahakama ya shirikisho ilikataa, na mijadala ikafanyika Agosti ileile. Lakini chuo kilikuwa kimeshafungua njia nyingine: ambaye hakutaka kukisoma aliruhusiwa kuandika ukurasa mmoja kueleza kwa nini. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Duke kiliwapendekezea wanafunzi wapya kitabu cha michoro cha Alison Bechdel, kumbukumbu za maisha yake na ya baba yake, chenye baadhi ya picha za mapenzi. Wanafunzi kadhaa wapya walitangaza kwamba dini yao haiwaruhusu kukitazama. Kitabu hakikuwa cha lazima, na wakaanza masomo kama wenzao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kitabu hichohicho kilifikishwa hadi kwenye bajeti ya jimbo: baraza la wawakilishi la South Carolina lilipiga kura ya kupunguza dola 52,000 za College of Charleston, kiasi kilekile chuo kilichotumia kwenye programu yake ya usomaji, iliyokuwa imekichagua kitabu hicho.

Kwa hiyo kukerwa ni jambo la kawaida kabisa kwenye shughuli hii. Cha kuangalia ni unafanya nini na kero yako.

Hukutaja jina la kitabu, na sihitaji kulijua ili nikushauri. Rudi pale ulipokifunga. Usiandike "sura ya nne ni mbaya". Tafuta sentensi yenyewe, na uandike pembeni kwa penseli: hapa. Kisha jiulize ni nani anayesema maneno hayo. Ni mwandishi mwenyewe? Ni mtu anayemsimulia? Ni kijana wa miaka kumi na tano ambaye mwandishi, sasa akiwa mtu mzima, anamtazama kwa masikitiko? Wasomaji wengi wapya huchanganya kuonyesha jambo na kulitetea. Mwandishi anayesimulia jinsi baba alivyokuwa akimpiga mama hajasema ni sawa. Huenda sura yako ya nne ni ya namna hiyo, na jibu lake liko sura ya tisa ambayo hujaifikia.

Huenda pia si hivyo. Huenda mwandishi anatetea kwa dhati jambo ambalo wewe, kwa dhati, unaliona si sawa. Hapo pia sioni sababu ya kuacha. Kusoma hoja ya mtu hadi mwisho si kuitia sahihi. Ukitaka kumpinga vizuri ni lazima uweze kueleza hoja yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe angesema, "Naam, ndivyo nilivyosema." Kazi hiyo haifanyiki kwa mtu aliyeishia sura ya nne.

Na kama ni jambo la dhamiri kweli, yaani kuna picha au maelezo ambayo imani yako inakukataza hata kuyatazama, basi ruka kurasa hizo na uendelee. Au uandikie chuo mapema, kwa adabu, ueleze na uulize kama kuna kazi mbadala. Fanya hivyo kabla ya kufika, si mlangoni mwa chumba cha mjadala. Sijawahi kumwona mwanafunzi aliyeandika mapema na kwa heshima akadharauliwa.

Jambo jingine dogo kuhusu hili: kuchaguliwa na chuo hakukifanyi kitabu kuwa cha kweli tupu. Kulikuwa na kitabu cha mpanda milima Greg Mortenson kuhusu ujenzi wa shule Pakistani na Afghanistani, ambacho vyuo vingi vilikuwa vimewapa wanafunzi wapya. Mwaka 2011 kipindi cha televisheni 60 Minutes na mwandishi Jon Krakauer walidai kwamba sehemu za simulizi hiyo hazikutokea kama zilivyoandikwa. Kamati zilizokichagua zilikuwa na watu makini, na kila mmoja alikisoma. Kwa hiyo ukikuta dai linalokutia shaka, iandike shaka yako. Huenda ndiyo itakayokuwa mchango bora kuliko yote siku hiyo.

Swali lako la muhtasari linahitaji nikuonyeshe kitu, maana nikikuambia tu kwamba hautoshi utaona ni maneno ya mwalimu.

Moja ya vitabu vilivyochaguliwa na vyuo vingi zaidi ni kile cha Rebecca Skloot, kilichotoka mwaka 2010, kuhusu Henrietta Lacks. Muhtasari wake unaweza kuupata kwa dakika moja, na programu za akili mnemba zitakupa kwa sekunde tano. Utasema hivi: Henrietta alikuwa mwanamke Mweusi aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951. Madaktari walichukua seli zake bila kumwambia. Alifariki mwezi Oktoba mwaka huo akiwa na miaka 31, lakini seli ziliendelea kukua maabara, zikatumika katika utafiti wa chanjo ya polio na mengine mengi, na kwa miaka mingi familia yake haikujua. Yote hayo ni kweli. Ukiingia nayo chumbani, utakuwa na maneno yaleyale waliyonayo wengine kumi na wanne.

Nakumbuka mwaka tulipokijadili. Dakika ishirini za mwanzo zilikuwa kavu. Mmoja alisema ni suala la ridhaa. Mwingine akasema ndiyo, ni suala la ridhaa. Wa tatu akasema ni ubaguzi pia, wote wakatikisa kichwa. Kulikuwa na binti mmoja mgeni, anayetoka kwenye Kiswahili kama wewe, ambaye alikuwa hajafungua kinywa. Nilipomtazama alitaja namba ya ukurasa. Wenzake wakaanza kufunua.

Ulikuwa ukurasa unaosimulia siku Deborah, binti wa Henrietta, alipopelekwa maabara kuziona seli za mama yake. Mama alipofariki Deborah alikuwa hajatimiza miaka miwili. Sasa ni mama mtu mzima, karibu miaka hamsini baadaye. Mtafiti anamkabidhi kichupa kilichotoka kwenye friza, ndani yake mna seli. Deborah anakishika, anasema ana baridi, na anakipulizia pumzi yake.

Yule binti akasema: "Nilisoma hapa mara tatu nikidhani sijaelewa Kiingereza. Kwa lugha yetu, kichupa kikiwa cha baridi unasema kina baridi. Mtu ndiye unayesema ana baridi. Yeye hakusema kichupa kina baridi. Alisema mama ana baridi."

Chumba kilinyamaza. Wenyeji wa Kiingereza walikuwa wamepita juu ya neno lile dogo, "she", bila kuligusa, kwa sababu kwao halikuwa na uzito. Kisha kijana mmoja aliyekuwa anakwenda kusoma biolojia akauliza kwa sauti ya chini: kwa hiyo kilichomo kwenye chupa zile ni nani au ni nini? Kuanzia hapo sikuhitaji kuuliza swali jingine. Saa moja na nusu iliisha wakiwa bado wanabishana kama mtu anaweza kumiliki kilichotoka mwilini mwake, na kama daktari wa mwaka 1951 angeweza kujua anachokifanya, na mmoja alikuwa na machozi.

Neno hilo halimo kwenye muhtasari ule. Lilionekana na mtu aliyesoma taratibu, kwa sababu alilazimika kusimama. Ndiyo maana nakuambia mwendo wako usiuonee aibu. Muhtasari uutumie baadaye, ukishamaliza sura, kuhakikisha hukupotea njia. Ukiutumia kabla, utakuwa unasoma huku unatafuta kile ulichoambiwa kipo.

Kuhusu mpango: ukibakiwa na wiki tano na kitabu kina kurasa 300, ni kurasa tisa kwa siku, na siku moja ukiugua hujaharibu kitu. Soma saa ileile kila siku, simu ikiwa chumba kingine. Usifungue kamusi kwa kila neno. Ukifanya hivyo utachoka kabla ya ukurasa wa thelathini. Pigia mstari neno usilolijua na uendelee. Likirudi mara ya tatu, hapo litafute, maana mwandishi analihitaji. Kama kuna toleo la sauti, sikiliza sura ambayo umeshaisoma, utazoea matamshi ya majina utakayolazimika kuyatamka. Mwisho wa kila sura andika sentensi mbili kwa lugha yoyote inayokujia, si lazima Kiingereza. Moja iseme nini kimetokea. Ya pili iseme ulisimama wapi na kwa nini.

Ukimaliza utakuwa na sentensi ishirini au thelathini za namna hiyo ya pili. Chagua tatu. Ziandike kwenye kikaratasi pamoja na namba za kurasa, na ukichomeke ndani ya jalada. Hakikisha namba zinatoka kwenye toleo walilokutumia, maana kitabu cha kielektroniki mara nyingi hakina kurasa sawa na cha karatasi, na utahangaika mbele za watu.

Sasa siku yenyewe, na hofu yako ya kuonekanaje. Sema hukukipenda, kama hukukipenda. Viongozi wa mijadala wanachoka kusikia kila mtu akisifu, na wengi wetu tunamngojea huyo mmoja atakayesema kinyume. Lakini usiseme "sikukipenda" ukanyamaza, kwa kuwa sentensi hiyo haimpi mwenzako mahali pa kushika. Taja ukurasa. Ngoja wafunue, usikimbie. Kelele ya karatasi ikiisha ndipo uendelee. Soma mistari miwili kwa sauti, kwa lafudhi yako, taratibu kama ulivyozoea. Kisha sema: hapa nilifunga kitabu kwa siku mbili, kwa sababu mimi nimelelewa hivi. Halafu uwaulize wao walisomaje mistari hiyohiyo. Mtu akikupinga, mwombe akuonyeshe ukurasa wake.

Kama moyo unakwenda mbio, usingoje hadi dakika ya mwisho. Ongea wa pili au wa tatu, mapema, hata kama ni sentensi moja. Anayengoja apate la maana zaidi huishia kungoja mpaka kengele. Na mkitoka, mtafute yule aliyekupinga kwa nguvu kuliko wote, umwulize jina lake na anakaa bweni gani.